Usukani wa Mtani

Wilfred Mihayo alikuwa na nyumba yake mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, pensheni isiyochelewa sana, mke aitwaye Juliana ambaye hajapata kumchoka mbele za watu, na Toyota nyeupe inayowaka asubuhi bila kubembelezwa. Mtu wa namna hiyo ungedhani ametosheka. Hakutosheka. Miaka nenda miaka rudi, moyo wake ulikuwa umening'inia kwenye usukani wa gari la mtu mwingine, na mtu mwenyewe alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mtani wake, aliyelijua hilo vizuri na akaona raha kumnyima.

Gari lenyewe lilikuwa MG Midget, kigari cha Kiingereza cha viti viwili, cha kijani kilichopauka, kisicho na paa ila turubai. Mtu mzima akisimama kando yake anakitazama kwa juu. Watu wa Kisarawe walikiita Kiatu. Mwenye nacho, Mwinyijuma, alikuwa zamani dereva wa mhandisi mmoja Mwingereza kwenye mitambo ya maji ya Ruvu, na yule mhandisi alipofungasha virago kurudi kwao alimwachia ufunguo na kadi ya gari, kwa kuwa hakumwona mtu mwingine wa kukivumilia. Wenzake walimshauri akiuze upesi anunue shamba. Mwinyijuma akawaambia shamba analo, la babu yake, na halijapata kumpeleka popote.

Wawili hawa walijuana kwenye kituo cha mabasi cha Kwa Mathias, mchana wa jua kali, Kiatu kimezimika katikati ya Barabara ya Morogoro na mabasi nyuma yake yanapiga honi kwa hasira. Wilfred, aliyekuwa fundi wa pampu huko huko Ruvu, alishuka kwenye gari la kazini kumsaidia dereva ambaye mpaka siku hiyo alimjua kwa sura tu. Alifungua boneti akaona ugonjwa papo hapo: kabureta mbili zimekaa juu ya bomba la moshi, na petroli ilikuwa inachemka humo kabla ya kufika kwenye injini.

"Wewe kabila gani?" Mwinyijuma akamuuliza, hata asante hajaitoa.

"Mnyamwezi. Wa Sikonge."

Uso wa Mwinyijuma ukachanua. "Kumbe mtani! Sasa unahangaika nini na boneti? Sukuma! Babu zako wamebeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani kwa miguu, kigari hiki kitakushinda?"

"Na babu zako walikaa pwani wanacheza ngoma, wanatusubiri tuwaletee," Wilfred akajibu, akaweka mikono kwenye mkia wa gari, akasukuma.

Asiyejua utani atadhani watu hao waligombana. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, na wewe ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Mwinyijuma alimzidi Wilfred umri wa kaka mkubwa, lakini shikamoo yao ilifia pale pale Kwa Mathias. Jumamosi iliyofuata Wilfred akaenda Kisarawe na kipande cha debe la mafuta ya kupikia, amekikata na kukikunja vizuri, akakipachika katikati ya kabureta na bomba la moshi kizuie joto. Petroli ikaacha kuchemka, na Wilfred akaacha kukaa nyumbani siku za Jumamosi.

Spea za Kiatu hukuzipata Kariakoo hata kwa dua, kwa hiyo walizibuni. Rejeta ilikuwa ya Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imekatwa na kuchomelewa upya. Gasketi walizikata kwa mkasi kwenye karatasi ngumu. Turubai alilishona fundi wa viti vya magari. Nyuma waliongeza jani moja la springi walilolitoa kwenye pikapu iliyokufa, kusudi tumbo la gari lisikwangue kila tuta. Mafundi wote waliopita pale walikuwa na ushauri mmoja: ng'oa injini hiyo, weka ya Toyota, ulale usingizi. Hata Wilfred alilisema siku moja, na siku hiyo alinyimwa chai.

"Injini ya Toyota nzito," Mwinyijuma alimwambia baadaye, hasira zilipopoa. "Kiatu siri yake wepesi. Ukikitwika mizigo kitakuwa gari kama magari."

Ukipenda, chongo huita kengeza. Mzee yule alikuwa na ugomvi wa kudumu na uzito. Aling'oa bampa za chuma, akang'oa redio, akapiga marufuku mtu kupanda na kikapu. Wilfred akirudi amenenepa baada ya Pasaka, aliambiwa wazi kwamba gari limelala upande wake, apunguze ugali. Kazi moja tu ndiyo iliyomfanya Mwinyijuma anyamaze, nayo ilikuwa kusawazisha kabureta. Wilfred alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza inavyovuta hewa. Akahamia ya pili. Akazungusha skrubu kidogo, akasikiliza tena, mpaka zote mbili zikapumua sawasawa.

Kisha walitoka kwenda kupima. Walishuka barabara ya lami kuelekea Pugu, kwenye kona zile za milimani ambako msitu umeisogelea barabara pande zote, wakageuza chini na kurudi. Ukikaa ndani ya Kiatu, barabara inapita karibu na makalio yako, na upepo unakuchapa usoni, na mwendo ambao kwenye basi ungesinzia, humo ndani unakuwa mbio za kutisha. Mwinyijuma aliendesha kwa vidole. Wilfred alikaa kiti cha kushoto, mguu wake ukikanyaga klachi isiyokuwepo, mikono yake juu ya mapaja ikikata kona zake yenyewe. Alitaka kukiendesha. Alikitaka jinsi aliyefunga anavyoitaka magharibi. Kila kona waliyoimaliza alijisemea, mimi ningeianza mapema kidogo. Na kila Jumamosi alirudi Picha ya Ndege na Toyota yake nyeupe akaiona nzito kama kabati.

Akiomba, jibu lilikuwa lile lile. "Mke, mswaki na Kiatu haviazimwi. Tena mpagazi hapewi usukani, anapewa mzigo."

Haikutosha, Mwinyijuma akabuni na mchezo. Wakimaliza kazi, alimnyooshea ufunguo kwa uso wa huruma: "Haya mtani, leo endesha wewe." Mkono wa Wilfred ulipoufikia, ufunguo ulikuwa umesharudi mfukoni, na mzee anacheka mpaka anakaa chini. Mara ya kwanza Wilfred aliamini. Mara ya pili aliamini. Aibu kusema, hata mchezo ulipokuwa umechakaa bado aliamini kidogo, maana mwenye hamu haponi. Mwishowe akajifunza. Akiona ufunguo unanyooshwa alificha mikono nyuma na kucheka kwanza yeye.

"Utakufa tu," alikuwa akimtisha. "Na siku hiyo nitakikalia Kiatu mbele ya watoto wako, hakuna atakayenitoa."

"Kikalie," Mwinyijuma alijibu. "Usukani nitakuwa nimezikwa nao."

Tatu, mke wa Mwinyijuma, akiwasikia kutoka jikoni alipaza sauti: "Mzaha mzaha hutumbua usaha, nyie wazee!" Nao walimcheka na yeye pia.

Mwaka jana, masika ilipokuwa inaishia, safari za Pugu zilianza kupungua. Jumamosi moja Mwinyijuma alisema ana wageni. Jumamosi nyingine alisema petroli haitoshi. Walisawazisha kabureta, wakasikiliza injini ikinguruma pale pale bandani, wakazima, wakanywa chai. Kwamba mzee ana kisukari Wilfred alijua, kama alivyojua kwamba yeye mwenyewe ana presha. Ni mambo ya umri. Kwamba kisukari kimeshuka miguuni hakuambiwa. Watani huambiana kila kitu ila kitu chenyewe.

Ikaja Jumamosi ambayo Wilfred alimkuta mwenzake amevaa kanzu iliyonyooka kwa pasi, kofia ya viua na koti jeusi ambalo kwa kawaida lilitoka kabatini siku za Idi tu.

"Unaongeza mke?" Wilfred akamuuliza. "Tatu amepewa taarifa, au nimwambie mimi?"

"Fanya kazi, Mnyamwezi."

Wilfred akafanya kazi. Alibadili plagi, akaweka mpira sikioni, akazungusha skrubu zake. Siku hiyo injini ilikubali upesi, ikatulia vizuri kuliko ilivyopata kutulia. Alipofunga boneti na kufuta mikono, Mwinyijuma alikuwa anazunguka gari polepole, kiganja juu ya bodi, mpaka akafika upande wa kushoto. Akafungua mlango wa kushoto. Kisha akanyoosha ufunguo.

"Haya mtani, leo endesha wewe."

Maneno yale yale, mkono ule ule. Uso tu ndio haukuwa na ile huruma ya kuigiza. Wilfred aliliona hilo, na alichojisemea moyoni ni kwamba leo mzee kaigiza vizuri.

"Hunipati!" akasema, mikono mgongoni.

"Chukua, Wilfred."

Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. Wilfred akaangua kicheko. "Leo mpaka jina la ubatizo! Mzaramo akikuita kwa jina, shika mfuko. Hapana, bwana. Mpagazi hapewi usukani. Mzigo wangu uko wapi, nijiondokee?"

Mwinyijuma akamtazama. Kisha na yeye akacheka, akachelewa kidogo kuanza, na ufunguo ukarudi kwenye mfuko wa koti.

"Umeshinda, mtani," akasema. "Nenda kwa mkeo."

Wilfred alirudi nyumbani kwa njia ya Kiluvya akipiga mluzi. Alimsimulia Juliana jinsi alivyomweza Mzaramo, akaigiza na ile sauti ya "Chukua, Wilfred", wakacheka wote wawili mezani.

Jumamosi iliyofuata hakwenda Kisarawe, kulikuwa na harusi ya mpwa wa Juliana. Kabla Jumamosi nyingine haijafika, Seif, mtoto wa kiume wa Mwinyijuma, alimpigia simu asubuhi, akasema mzee amefariki. Waislamu hawamcheleweshi maiti. Wilfred alifika wakati majembe yanakung'utwa udongo, akaokota udongo kiganjani akautupia juu ya kaburi lililokwisha kujaa, bila neno hata moja la utani. Waliomwona hawakumlaumu. Walijua atalipa siku ya hitima.

Siku ya hitima uwanja wa nyumba ulijaa mikeka. Dua zilisomwa, sinia zikapita, na watu walipoanza kushiba, watani wakaanza kazi yao. Zawadi, mama wa Kinyamwezi anayeuza samaki sokoni, alivaa viatu vya marehemu akatembea kama yeye, akimfokea kila mtu kwamba ni mzito. Watani wengine wakajitupa chini na kulia, wakigaagaa, wakimdai marehemu nazi alizokula bila kulipa. Kilio cha mtani msibani ni cha uongo, na ndiyo heshima yake; kinawapa wafiwa ruhusa ya kucheka. Anayelia vizuri zaidi anasifiwa zaidi, na anayeshika kitu cha marehemu hakiachii mpaka akombolewe kwa kuku.

Wilfred alikuwa amekaa kando ya banda, sahani ya pilau mapajani, akijikusanya. Alikuwa amejiandaa. Angekikalia Kiatu kama alivyoahidi, angewasumbua watoto wa Mwinyijuma, na moyoni, tusimfichie, alikuwa na tumaini dogo lenye aibu kwamba leo huenda ufunguo ukamfikia kweli. Hapo ndipo Hamisa, binti wa marehemu, alipokuja na maji ya kunawa, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mzee Wilfred."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kukuuliza jambo. Jumamosi ile ya mwisho, mlishindwa nini kwenda Pugu?"

"Nani aliyekuwa anakwenda Pugu?"

"Si wewe na baba? Aliamka alfajiri akanipigisha pasi kanzu. Mguu wa kushoto ulikuwa haumsikii tena, klachi hawezi kuikanyaga. Alikuwa anaona aibu kukwambia. Lakini siku hiyo alisema, 'Leo mtani ananiendesha. Nitakaa kushoto kama bosi, niangalie miti.' Alikuwa na furaha, mzee Wilfred, hata chai hakuimaliza. Wewe ulipoondoka nikamkuta bandani. Amekaa ndani ya gari peke yake, upande wa kushoto, mlango amefunga. Nikamuuliza, baba, mbona hamjaenda? Akasema, mtani leo hana nafasi."

Hamisa alimimina maji. Wilfred alikuwa amenyoosha mikono lakini hakunawa, maji yakapita vidoleni yakaishia kwenye bakuli. Alitaka kusema kwamba nafasi alikuwa nayo. Siku nzima alikuwa nayo. Miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile alikuwa hana kitu kingine isipokuwa nafasi.

"Mtani!" Mzee Salehe, mdogo wake marehemu, alipaza sauti katikati ya uwanja. "Mnyamwezi wa Kibaha! Umekuja kula tu? Kaka yangu umemtupa?"

Watu wakageuka. Mtani asiyefanya utani kwenye msiba amemkana marehemu, na hilo Wilfred hakuweza kuliongeza juu ya kosa la Jumamosi ile. Akaweka sahani chini. Akainuka, akaingia bandani, akavuta turubai lililofunika Kiatu, akafungua mlango wa kulia na kujiingiza nyuma ya usukani. Kelele za furaha zikapanda. Watu walihama mikeka yao wakaja kuzunguka banda, watoto wakapandishwa mabegani.

"Nilisema nitakikalia," Wilfred akatangaza. Sauti ilitoka nyembamba, na watu wakaipenda hivyo hivyo.

Seif alipenya katikati ya watu, ufunguo mkononi. Wazee walimwambia jambo sikioni, naye akatabasamu, akaunyoosha. "Haya mtani, tumeshindwa. Leo endesha wewe."

Mkono wa Wilfred ulikwenda nusu ya njia ukasimama. Uwanja ulivunjika mbavu. "Mwone anavyoogopa!" Zawadi akapiga kelele. Lakini Seif hakuurudisha ufunguo mfukoni. Aliuweka kiganjani mwa Wilfred, akavikunja vidole vyake juu yake.

Wilfred akauchomeka, akauzungusha nusu. Huko nyuma pampu ya mafuta ikaanza kugonga, tik tik tik, kisha ikanyamaza, maana kabureta zimejaa. Akazungusha tena, injini ikaitika mara moja. Ilikuwa imetulia vile vile alivyoiacha. Usukani ulikuwa mwembamba kuliko alivyofikiria miaka yote hiyo, na upande wa juu ulikuwa umelainika kwa vidole vya mtu mmoja. Akakanyaga klachi. Ilikuwa nyepesi. Akageuza shingo kushoto, kama dereva anavyomgeukia abiria wake kumuuliza, twende?

Hapo akalia. Hakulia kwa kujizuia, kama mzee wa kanisa anavyolia. Alilia kwa sauti, kamasi zinamtoka, kipaji cha uso juu ya usukani, mabega yanaruka. Alilia kile kicheko cha mezani na Juliana, na ile mikono yake mjanja aliyoificha mgongoni.

Watu walifurahi kupita kiasi. Walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Wilfred akainua mkono mmoja, akasema, "Jamani, nalia kweli," na hapo wengine ikabidi washikiliwe wasianguke. Watani wenzake waliokuwa wakigaagaa chini waliinuka wakaja kutazama, maana kazi yao ilikuwa imepitwa. Hamisa peke yake, akiwa bado na birika la maji mkononi, hakucheka. Nyuma ya pazia la dirisha, Tatu, ambaye alikuwa ameingia eda na hawezi kutoka, aliita mara mbili kwamba wamwache huyo mtu, lakini kwa kelele zile nani angemsikia?

Mzee Salehe akaletewa jogoo mwekundu, akamwingiza kupitia dirishani. "Haya, Mnyamwezi, tunakukomboa. Shika kuku utoke."

Wilfred akatikisa kichwa.

"Kuku wawili?"

Akatikisa kichwa.

"Basi sema mwenyewe!" Seif akainama mlangoni, machozi ya kicheko mashavuni. "Unataka nini, mtani?"

Wilfred alikitazama kiti cha kushoto. "Nataka nimpeleke," akasema. "Mara moja tu. Mpaka Pugu na kurudi."

Uwanja mzima ukalipuka. Mzee Salehe alijishika mbavu kwa mikono miwili, jogoo akamponyoka akakimbilia migombani, na watu walipokuwa wakitawanyika jioni ile bado walikuwa wanaambizana kwamba Kisarawe haijapata kuona mtani anayejua kulia namna ile.